Kofia ya Baridi na Sikio la Binti Yangu

Bujumbura hatujui baridi. Mji wetu uko chini, ziwa liko hapo, jua likiingia asubuhi halina habari ya kuaga. Mtu akivaa koti mchana tunamuuliza kama ana malaria. Kwa hiyo nikikuambia kwamba kofia ya baridi nzuri kuliko zote ilishonwa Nyakabiga, ndani ya chumba ambacho bati lake huchemka kuanzia saa nne asubuhi, na kwamba aliyeishona ni mimi, usinibishie kabla sijamaliza.

Shule niliishia darasa la tatu. Cherehani yangu ya kwanza niliiokota nyuma ya duka moja kule Buyenzi, haina gurudumu, imejaa kutu, mwenyewe alishaitupa. Niliifufua kwa mikono hii. Nikaanza na kofia zetu za msikitini, zile nyeupe za kudarizi, na kabla ya vita wazee wa Buyenzi walikuwa hawaendi Ijumaa wala harusini bila kofia yangu kichwani. Vita vilipoanza mafundi wengi walikunja mikeka yao. Mimi nilihamia Nyakabiga, nikaongeza cherehani ya pili, kisha ya tatu. Walionicheka nilipokuwa naokota vyuma wakaja kuniomba kazi, na wengine niliwapa.

Kifungua mimba wangu ni msichana. Huyo nilimsomesha kwa sindano yangu mpaka akatoka na diploma ya uuguzi, karatasi ambayo mimi siwezi kuisoma hadi mwisho lakini naijua ilivyo hata nikifumba macho. Akapata kazi katika timu ya chanjo. Timu yao ilikuwa inapanda milima ya Mugamba, juu kule, mbele ya Musaga, mtaa wetu wa mwisho kabla ya milima. Barabara ilifunguliwa asubuhi wanajeshi wakishapita, gari likawapeleka mpaka pale ambapo dereva alikataa kuendelea, halafu wao wakashika miguu: kilima kwa kilima, masanduku ya chanjo mabegani, wakilala katika madarasa matupu au chini ya turubai. Nilimuuliza kwa nini wasingoje vita viishe. Akaniambia surua haiulizi habari za vita.

Safari ya kwanza alirudi na homa, na sikio la kushoto linatoa usaha. Kule juu upepo wa asubuhi ni kitu kingine. Unaingia kichwani kama msumari, na mtandio wake mwepesi wa kutoka huku kwetu haukumsaidia chochote. Daktari alimchungulia ndani ya sikio na kitaa chake, akatikisa kichwa, akanigeukia mimi.

"Ngozi ya ndani imetoboka. Itajifunga yenyewe. Lakini baridi ikimpiga tena namna hii kabla haijafunga vizuri, hili sikio linaweza kufa kabisa."

Binti yangu, badala ya kuuliza dawa, aliuliza kama timu itaondoka tena bila yeye.

Jioni hiyo nilimwambia hatapanda. Akanijibu kwa adabu zote, mikono imekunjwa kifuani, kwamba atapanda. Nikamwambia mimi ndiye baba. Akasema ndiyo, anajua, na atapanda. Mama yake alikuwa anachagua mchele mlangoni, hata hakuinua uso.

"Baba Watoto, hicho kichwa kigumu alitoa kwako. Sasa we ni fundi wa vichwa. Kivalishe."

Ndivyo kazi yangu ya kofia za baridi ilivyoanza. Nilikuwa na muda mpaka timu ipande tena, na nilikuwa na jambo moja tu akilini: sikio la mtoto wangu lisione upepo.

Sokoni kulikuwa na kofia za sufu za mitumba, lakini zilikuwa zimefuliwa huko zilikotoka mpaka zimekuwa chujio la chai. Nilizinunua ili nizifumue nipate uzi. Kufuma nilijifundisha mwenyewe, siku chache tu, kwa kumwangalia mama mmoja jirani aliyekuwa anafuma soksi za watoto. Watu husema kufuma ni kazi ya wanawake. Sawa, basi mimi niliifanya vizuri kuliko wanawake.

Kofia ya kwanza ilifunika kila kitu: kichwa, masikio, shingo, pua, mdomo, ikaacha macho peke yake. Niliifuma kwa uzi mweusi kwa sababu ndio niliokuwa nao mwingi. Ilipokwisha nikaivaa, nikaona joto lake ni zuri ajabu, nikatoka nayo moja kwa moja kwenda dukani kwa jirani yangu kununua sabuni, ili aione. Nilikuwa sijafika hata kwenye ngazi yake. Aliniangalia mara moja, akateremsha mlango wa bati mpaka chini, nikasikia anasukuma magunia kwa ndani.

"Ni mimi," nikamwambia. "Ni mimi fundi."

"Fundi gani?"

"Wa kofia."

Halafu sauti yake ikatoka kwa chini, kwenye ufa. "Kama ni we kweli, toa hiyo kitu kwa uso, halafu rudia kusema."

Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia yote kwa majirani. Alisema nikimvalisha mtoto kitu kile, wanajeshi watampiga risasi wakidhani ni wa msituni, wa msituni nao watampiga wakidhani ni mwanajeshi, kwa hiyo nichague nataka apigwe na nani. Niliifumua siku ile ile.

Kofia ya pili niliifikiria kwa muda zaidi. Uso wazi kabisa. Ndani niliweka kitambaa laini cha flaneli, katikati blanketi la zamani, nje sufu iliyobana. Na kwenye masikio nikashona mifuko miwili iliyojaa sufu, minene kama mito ya mtoto mchanga, na kamba ya kufunga chini ya kidevu. Rangi nilichagua ya kijani na njano, ionekane kutoka mbali kwamba aliyeivaa ni mtu wa amani.

Sasa, utajaribu wapi kofia ya baridi Bujumbura? Hapo ndipo utaona tofauti ya fundi na mshonaji. Nina rafiki yangu wa tangu utoto, muuza sangala, mwenye chumba cha barafu karibu na bandari. Nikamwendea nikamwambia nataka kukaa ndani na samaki wake. Alidhani natania. Nikaingia na shati langu jepesi na kofia kichwani, nikakaa juu ya kreti, sangala wananiangalia kwa yale macho yao, mlango ukafungwa. Mikono iliuma. Miguu iliuma. Meno yalianza kusema peke yake. Lakini kuanzia nyusi kwenda juu nilikuwa niko nyumbani kwangu Nyakabiga.

Rafiki yangu alikuwa anafungua mlango kila mara.

"Ungali mzima?"

"Funga mlango, unaharibu jaribio."

"Mi nakuambia mapema, ukinifia humu nitakuuza kwa kilo."

Mwishowe alinitoa kwa nguvu, akasema mke wangu atamdai mume. Basi nikatumia viazi. Nilichemsha viazi vikubwa vya Mugamba, nikavifunga kimoja kimoja: kimoja ndani ya kofia yangu, kimoja ndani ya kofia ya mitumba, kimoja ndani ya mtandio kama ule wa binti yangu, tukavipeleka kule ndani pamoja na samaki. Tulipokunywa chai tukarudi, cha mtandio kilikuwa kama jiwe la ziwani, cha mitumba kimepoa. Changu nilipokishika ilibidi nikihamishe kutoka mkono huu kwenda huu. Rafiki yangu alikimenya akakila hapo hapo na chumvi, akasema hakuna kofia nyingine aliyowahi kuisifu kwa mdomo uliojaa.

Nilimweleza mke wangu habari hiyo kwa furaha, kwa urefu, na nadhani nilirudia mara mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kiazi hakina masikio, Baba Watoto. Mutoto wangu ako nayo."

Neno lile lilinikaa. Niliona anasema kweli: kiazi hakijatembea, hakijatoka jasho, hakijalala chini. Nikaamua kwamba kofia ile haitapanda na binti yangu bila mimi, nikashona pacha wake nivae mwenyewe. Nilikwenda kwa mkubwa wa timu, mama mmoja mfupi ambaye wote walimwita Madamu, nikamkuta anahangaika kwa sababu mbebaji wake mmoja alikuwa amekataa safari.

"Utaweza kubeba sanduku?"

"Nitabeba mawili."

Aliniangalia kitambi, akaninyooshea moja. Nilibeba moja, na nililifikisha. Hilo la pili sikupewa nafasi ya kulionyesha.

Sasa nisikudanganye kuhusu kule juu. Nilidhani chumba cha samaki kimenifundisha baridi, kumbe kule baridi ina miguu. Inakufuata. Jua lilipoelekea kulala ukungu ulitoka mabondeni, ukapanda ukatufunika, na katika darasa tulilopewa pumzi zetu zilionekana kama moshi. Wenzetu wa timu walijifunga mataulo kichwani. Mimi na binti yangu tulivaa kofia zetu za kijani na njano, tukafunga kamba, tukalala. Alfajiri nilipoamka kusali, maji ya udhu yalinikata vidole, lakini masikio yangu yalikuwa moto kama mkate. Nikamgusa binti yangu sikio la kushoto chini ya ule mfuko. Moto. Akafungua macho.

"Linauma?"

"Apana, Papa. Halijauma hata kidogo."

Nilitoka nje nikasimama kwenye ukungu ule nikiwa mtu mkubwa sana. Nilikuwa nimeshahesabu kichwani ni nani na nani Bujumbura watakuja kuniomba radhi.

Asubuhi timu iligawanyika wawili wawili. Mimi na binti yangu tulipewa kilima cha ng'ambo: ushuke njia ya mikaratusi mpaka mtoni, uvuke daraja la magogo, upande. Tulikuwa tumetembea kidogo tu tulipokutana na bibi mmoja kizee anapanda, kapu la mahindi kichwani juu ya ngata.

Hapa lazima nieleze jambo. Sisi Waislamu wa mjini kofia hatuvui. Tunasali nayo, tunakula nayo, tunamsalimia mkubwa nayo. Kuivua mbele za watu ndiyo kukosa adabu. Kule milimani ni kinyume chake. Ukikutana na mkubwa njiani unasimama, unavua ulichovaa, anakuona uso wote, ndipo salamu zinaanza, na salamu zao si za kupita. Mnaulizana amani, mnaulizana watoto, ng'ombe, mvua, mpaka mmeridhika kwamba kila mmoja ni mtu. Na wakati ule wa vita jambo hilo lilikuwa zito zaidi, kwa sababu asiyevua, wewe utajuaje ni nani.

Binti yangu alikuwa ameshayajua hayo. Alisimama, akafungua kamba, akaivua kofia akabaki na mtandio wake, akainama na kumshika bibi yule mikono miwili. Mimi nilisema "Amahoro", salamu yao ya amani, kwa sauti ya kutosha, nikagusa kofia yangu kama tunavyofanya Buyenzi, nikapita. Nilifikiri: atanikuta darajani. Nikateremka na sanduku langu mgongoni, ukungu unanipisha, nafikiria biashara.

Nilichokuwa nasikia ni pumzi yangu na damu yangu inavyopiga ndani ya sufu. Hata miguu yangu mwenyewe sikuisikia. Niliona ni utulivu mzuri. Nilijiambia, kumbe ndiyo maana watu wa milimani ni wapole.

Nilishtukia kofia yangu inavutwa kwa nyuma, kamba inanikaba, mimi na sanduku nusura tuende chini. Nikageuka. Ni binti yangu, hana kofia, hana hata mtandio, ulikuwa umemwanguka shingoni, anahema kwa nguvu, uso umekuwa wa majivu. Akanifungua kamba, akaivua ile kofia kichwani mwangu. Na mlima wote ukaingia masikioni kwa mara moja.

Kulikuwa na mtu anaita. Alikuwa ng'ambo, juu kabisa, hatumwoni, lakini sauti yake ilivuka bonde lile ikiwa ndefu, imevutwa kama uzi, na kilima kingine kilikuwa kinaipokea na kuipeleka mbele. Anaita kwamba mtoni si kwema. Kwamba kuna watu wameteremka darajani na bunduki. Kwamba aliye njiani arudi. Kule ndivyo habari zinavyotembea, kilima kinakiambia kilima, na mtoto wa miaka mitano anajua kuinua kichwa akisikia. Alikuwa ameita zamani. Binti yangu alisikia wakati anauliza habari za ng'ombe. Aliniita mimi, akaniita tena, akakimbia ananiita mpaka karibu anishike, na mimi natembea tu kuelekea darajani kwa mwendo wa bwana harusi.

"Papa," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "We hausikii?"

Magogo ya daraja nilikuwa nimeshaanza kuyaona chini yetu.

Tulirudi juu tukikimbia tumeinama. Bibi kizee alikuwa hajakimbia, alikuwa anatungoja kwenye mikaratusi na kapu lake kichwani, ananyoosha mkono tufuate. Akatuingiza nyumbani kwake nyuma ya ua wa miti, akatukalisha karibu na moto, akafunga mlango kwa kuegemeza mchi. Ndipo tuliposikia bunduki kule mtoni. Hazikupiga kwa muda mrefu. Nilimvuta binti yangu, nikaliziba sikio lake la kushoto kwa kiganja changu, nikakibakisha hapo, kwa sababu alikuwa amekimbia na upepo wote ule umempiga, na kitu pekee nilichoweza kufanya duniani wakati ule kilikuwa hicho.

Bibi alinitazama hivyo, akamuuliza kwa Kirundi:

"Huyu mwanaume wako ni kiziwi?"

"Ni baba yangu, bibi."

"Aa." Akafikiri kidogo, akageuza mahindi kwenye makaa. "Alizaliwa hivyo?"

Binti yangu akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanatoka, na mimi kiganja changu bado kiko sikioni mwake nikajikuta nacheka pia. Tulikula mahindi ya bibi yule. Jua lilipopasua ukungu vilima vikaanza kuitana tena, safari hii kwa sauti fupi fupi, nyepesi, na bibi akaondoa mchi mlangoni. Madamu tulimkuta shuleni amekusanya watu wake wote, anatembea huku na huku. Alipotuona alikaa chini hapo hapo kwenye majani akavua viatu. Hakuna aliyepotea.

Tuliteremka siku ile ile. Musaga tuliposhuka kwenye gari, joto lile la kwetu lilinipiga usoni na vumbi lake na moshi wake wa mabasi, nikaona sijawahi kupokewa vizuri namna hiyo mahali popote. Daktari alimchungulia tena sikio. Alichelewa kusema mpaka nikataka kumnyang'anya kitaa nitazame mwenyewe. Akasema linaendelea kufunga, upepo haukuwahi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Mke wangu alipoelezwa hakupiga kelele. Aliishika kofia ya pili, akaibonyeza ile mifuko ya masikio kwa vidole, akaiweka juu ya cherehani.

"Imekuwa na joto zaidi ya akili," akasema.

Mwingine angeacha hapo. Mimi si mwingine. Timu ilikuwa itapanda tena, na binti yangu alikuwa atapanda nayo, hilo nilishalijua. Alihitaji kofia yenye joto la ile ya pili, lakini inayosikia. Nilivaa kofia, nikavua, nikakata, nikashona. Nikipunguza sufu sikio linapoa. Nikiongeza, dunia inanyamaza. Nilikaa hivyo mpaka siku nilipowaona akina mama wa viazi wanatua mizigo pale Musaga, wanatoa ngata zao kichwani na kuzikung'uta. Nikaomba moja. Nikaiweka sikioni mwangu, duara lile la majani, mbele za watu, na mama mwenye ngata akauliza kama mimi ni mzima. Nilikuwa mzima sana. Upepo ulikuwa unapiga kuta za ngata, hauingii, na mimi namsikia yule mama ananitukana vizuri kabisa.

Kwa hiyo nilishona ngata mbili ndogo za sufu, nene, moja kila upande, zinazolizunguka sikio bila kuligusa. Katikati, palipo wazi, nikaweka flaneli moja tu, nyepesi. Kamba ya kidevu nikaitoa, nikaweka kifungo kimoja cha kufungua kwa kidole, ili mtu aweze kuivua akikutana na mkubwa. Chumba cha samaki ilikishinda. Kiazi changu kilitoka moto, na rafiki yangu alikuwa ameshakuja na chumvi.

Kujaribu kusikia tulikwenda Kiriri, kule juu kwenye nyumba za wakubwa, kwa sababu kuna korongo na kuna upepo. Nilivaa kofia, nikasimama upande huu. Mke wangu alizunguka akasimama upande wa pili, mbali, mdogo kama sindano. Tulikubaliana aseme jambo lolote, kwa sauti ya kuita, nami nirudie nililosikia. Nilidhani atasema bismillahi au habari ya asubuhi. Alianza na mahari. Alisema kwa sauti ndefu, imevutwa, kwamba baba yake alidanganywa. Akaja kwenye suala la mama yangu. Akaja kwenye ile cherehani ya tatu niliyoinunua wakati bati la jikoni linavuja. Mlinzi wa nyumba moja alitoka getini, akasimama kando yangu kusikiliza.

"Umesikia?" mke wangu akaita.

"Nimesikia," nikaita.

"Hata ya bati?"

"Hata ya bati."

Mlinzi akaniuliza kama nataka aniazime kofia nyingine, yenye kuziba. Nikamwambia hapana, hii ni nzuri, na ni kazi yangu mwenyewe.

Binti yangu alipanda na kofia hiyo. Madamu alichukua za timu yote. Siku walizokuwa juu nilishona kama mtu anayefukuzwa, na kila gari lililotoka upande wa Musaga nililisikia kabla halijafika kona. Mchana mmoja mlango ukaingia kivuli, nikainua uso. Alikuwa amesimama pale na matope mpaka magotini, kofia mkononi, anatabasamu kwa uchovu.

Sikuuliza habari za chanjo. Nilimsimamisha kwenye mwanga, nikamgeuza kichwa, nikatazama sikio lile kama daktari, mimi wa darasa la tatu. Kavu. Safi. Nikahamia upande wake wa kushoto nikasema jina lake kwa kunong'ona, chini kabisa, na akasema "Labeka, Papa" hata sijalimaliza.

"Mliitwa?" nikamuuliza.

"Tuliitwa mara moja. Tukarudi. Wote tulisikia."

Hakutaka chakula. Alijilaza hapo hapo kwenye kiwanda changu, juu ya magunia ya sufu, karibu na miguu yangu, akafunga macho. Nikaacha kukanyaga cherehani ili apumzike, nikawaashiria mafundi wangu nao waache. Alifungua jicho moja.

"Endelea tu, Papa. Sauti yake ni nzuri."

Nikaendelea.